CEREA: Chama Kilichohamia Mjini

Vitshumbi ni kijiji kisicho na shamba. Kipo kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Edward, katika wilaya ya Rutshuru, kilomita zaidi ya 100 kaskazini mwa Goma, na kila upande usio maji ni Mbuga ya Virunga, ile ambayo Wabelgiji waliitangaza tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la mfalme wao Albert. Mkazi ana ruhusa ya kuvua, hana ruhusa ya kulima. Muhogo, maharagwe, makaa na hata mti wa kuezekea hutoka nje ya mbuga, na viboko hupita kati ya nyumba usiku kama wenye mji. Kwenye ziwa lote la upande wa Kongo vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa na sheria ni vitatu tu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge.

Nimeanzia hapo kwa sababu ya namna kijiji hicho kilivyopatikana. Miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulitumiwa na serikali ya kikoloni kuwahamisha watu kutoka ufukweni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaruhusiwa kurudi majini, lakini kupitia ushirika: COPILE, ushirika wa wavuvi wenyeji wa Ziwa Edward, ambao baadaye uliitwa COPEVI. Ushirika ulihesabu mitumbwi, ukapima matundu ya nyavu, ukanunua samaki. Kwa wenyeji waliokuwa wamenyang'anywa ardhi na mbuga, samaki hao walikuwa aina ya fidia. Asiyekuwa na kibali hakuwa mvuvi, alikuwa mwizi. Siasa yote ya Kivu ya miaka ya mwisho ya ukoloni ilianzia kwenye jambo hilohilo: nani anatoa kibali, na kwa haki gani.

Mlimani mambo hayakuwa tofauti. Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliundwa mwaka 1928 na kukabidhiwa kazi ya kugawa ardhi kwa walowezi. Ndiyo asili ya mashamba mengi ya kahawa, chai na pareto ambayo wazee bado wanayaita kwa majina ya Wazungu waliokuwa nayo. Mkulima Mwafrika naye alidaiwa hadi siku 60 kwa mwaka za kilimo cha lazima. Kulikuwa pia na matuta ya kuzuia mmomonyoko, yaliyochimbwa kwa amri na kukaguliwa na bwana shamba aliyekuja na daftari la faini. Mtaalamu wa udongo angeweza kuyatetea matuta hayo. Mwenye jembe aliona jambo moja: kazi yake, mlima wake, amri ya mwingine.

Mwaka 1958, mjini Bukavu, kikazaliwa chama kilicholijua vizuri jambo hilo. Kiliitwa Centre de Regroupement Africain, kwa kifupi CEREA. Jina lake linasikika zaidi kama ukumbi wa mikutano kuliko chama cha kudai uhuru, na huenda hilo halikuwa bahati mbaya: wakati huo Mwafrika aliyetaka kukusanya watu kwa siasa alilazimika kuwa mwangalifu. Kiongozi wake mashuhuri alikuwa Anicet Kashamura, mzaliwa wa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 1928. Pamoja naye alikuwepo Jean-Chrysostome Weregemere, ambaye tutamrudia, kwa sababu bila yeye kisa hiki hakiishi vilevile.

Chama hiki kilitangulia kidogo kile cha Patrice Lumumba, MNC, kilichoundwa Léopoldville mnamo Oktoba 1958. Kwa hiyo Kivu haikusubiri mji mkuu uje uifundishe siasa. Tena CEREA kilikuwa na sifa ambayo vyama vingi vya wakati ule havikuwa nayo. ABAKO kilisimama juu ya Wabakongo wa Bas-Congo, CONAKAT juu ya Katanga na wakubwa wake. CEREA kilijaribu kusimama juu ya jimbo lenye makabila mengi mno kwa chama cha kabila moja: Wahavu, Washi, Wanande, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Warega na wengine. Kilichowaunganisha kilikuwa hasira dhidi ya mlowezi, kodi, kazi ya lazima, na dhidi ya machifu waliokula sahani moja na utawala. Hasira ni gundi kali, ila hukauka haraka.

Machafuko ya Léopoldville ya tarehe 4 Januari 1959 yakaharakisha kila kitu. Tarehe 13 mwezi huohuo mfalme Baudouin akatamka neno uhuru redioni. Mwaka mmoja baadaye, kuanzia tarehe 20 Januari 1960, wajumbe wa vyama vya Kongo walikuwa Bruxelles kwenye Mkutano wa Meza ya Duara, na CEREA kilikuwa na viti vyake mezani. Watu waliokuwa wakibishana na bwana shamba miaka miwili tu kabla ya hapo sasa walikuwa wakibishana na mawaziri wa Ubelgiji kuhusu tarehe ya uhuru. Mwendo huo wa kasi uliwapa sifa. Pia ulianza kuwahamisha.

Uchaguzi ukafanyika Mei 1960. Wanaume tu ndio waliopiga kura. Mwanamke wa Kongo alipewa haki hiyo mwaka 1967. Mama aliyenunua samaki ufukweni, akamkausha, akampandisha mlimani hadi soko la Kiwanja na kuendesha nusu ya uchumi wa ziwa, hakuulizwa kitu. Matokeo yalikuwa mazuri kwa CEREA: viti 10 kati ya 137 katika bunge la taifa, na viti 30 kati ya 70 katika baraza la jimbo la Kivu, zaidi ya chama kingine chochote. Kitaifa kilikuwa chama kidogo. MNC ya Lumumba ilikuwa na viti 33 peke yake, PNP 15, PSA 13, ABAKO 12. Lakini katika nchi ambayo hakuna aliyepata wingi wa kura, viti kumi ni bidhaa adimu, na Lumumba alivihitaji. Kashamura akawa waziri wa habari na utamaduni. Marcel Bisukiro, naye wa CEREA, akapewa biashara ya nje.

Hapa ndipo ninapotofautiana na simulizi tuliyoizoea, kwamba vyama vya uhuru viliuawa na Mobutu. CEREA kilianza kulala siku kilipofanikiwa. Vichwa vyake vikapanda ndege kwenda Léopoldville, na nyuma vikaacha baraza la jimbo ambamo watu 30 waliochaguliwa kwa hasira walitakiwa kugeuka watawala wa barabara, hospitali na mishahara. Tayari kulikuwa na CEREA ya Kashamura na CEREA ya Weregemere. Ya kwanza ilimfuata Lumumba hadi mwisho. Ya pili ilitafuta maelewano na wenye nguvu wa siku. Mkulima wa Masisi aliyepigia kura herufi tano sasa aliulizwa ni za nani.

Serikali ya Lumumba haikumaliza hata miezi mitatu. Rais Kasa-Vubu akamfukuza tarehe 5 Septemba 1960, na tarehe 14 kanali Mobutu akatangaza kuwaweka wanasiasa wote kando. Lumumba alikamatwa mwanzoni mwa Desemba. Wafuasi wake wakakimbilia Stanleyville, ambako Antoine Gizenga alitangaza tarehe 12 Desemba kwamba serikali halali ni yake. Siku ya Krismasi wanajeshi wachache wa Stanleyville wakaingia Bukavu na kumteka Jean Miruho, rais wa jimbo la Kivu tangu Juni. Mobutu akajibu kwa kutuma askari wake kupitia Ruanda-Urundi, ambayo bado ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Tarehe 1 Januari 1961 wakajaribu kuvuka kutoka Shangugu, wakashindwa. Kivu ikabaki upande wa Gizenga, na aliyewekwa kuitawala alikuwa Kashamura.

Kiongozi wa chama alirudi nyumbani, akiwa na mamlaka yote ambayo mwanasiasa angeyatamani, na nafasi ya kutimiza alichokihubiri tangu 1958. Wiki chache hizo ndizo zilizolizika jina la chama. Askari hawakuwa wakilipwa wala kutii, watu wakakamatwa bila mashtaka, Wazungu wakapigwa na kukimbia, maduka yakafungwa, wapinzani wakajificha. Habari za kifo cha Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari, zilipotangazwa katikati ya Februari, hali ikazidi kuwa mbaya. Hatimaye Gizenga mwenyewe, mtu wa upande wake, akamwondoa Kashamura. Adrien Omari akashika nafasi. Mtu anaweza kumtetea Kashamura kwa hoja kwamba hakuwa na jeshi lake wala hazina, na hoja hiyo ni ya kweli. Lakini hata chama hakuwa nacho tena. Baada ya miezi saba ya uwaziri na mikimbio, kamati za vijijini zilizokuwa zimebeba CEREA hazikuwa na mtu wa kuzisikiliza, na hakuna dalili kwamba aliziita.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Agosti 1961 Cyrille Adoula akaunda serikali ya maridhiano. Mwaka 1962 Kivu ikakatwa vipande vitatu, Nord-Kivu, Kivu-Central na Maniema, na kila kipande kikazua ugomvi wake. Huku kwetu kaskazini ugomvi ulikuwa wa ardhi na wa nani ni mwenyeji, na ukaingia kwenye damu. Chama kilichojengwa kwa jimbo zima kikajikuta hakina jimbo. Katika uchaguzi wa 1965 vyama vilivyoshindana Kongo nzima vilizidi 200. Vingi vilikuwa mtu mmoja na muhuri wake. Moïse Tshombe alikusanya 49 kati ya hivyo chini ya mwavuli wa CONACO na kushinda kwa urahisi, jambo linaloonyesha thamani ya chama kidogo sokoni wakati huo. Mobutu alipochukua nchi tarehe 24 Novemba 1965 na kusimamisha siasa kwa miaka mitano, alifunga kwa kufuli nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kuhama.

Kashamura alibaki uhamishoni Ulaya kwa miaka mingi, akaandika vitabu, kimoja kuhusu njia iliyotoka kwa Lumumba hadi kwa makanali, vingine kuhusu jamii za Maziwa Makuu. Alifariki mwaka 2004. Ni kazi ya heshima, na ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyeshindwa kuitawala Kivu kwa wiki chache aliweza kuiandika kwa utulivu hivyo.

Tarehe 20 Mei 1967 ikazaliwa MPR, chama cha Mobutu, na baada ya hapo kulala kukawa sheria. Katiba ya Juni 1967 iliruhusu vyama viwili; cha pili hakikuonekana. Desemba 1970 MPR ikatangazwa kuwa chama cha pekee, na mwaka 1974 ikawa dola yenyewe. Kila Mzaire alikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake: upende usipende, wewe ni wa MPR, ndivyo watu walivyoambiwa kwa Kilingala. Chama kilichokuwa na wanachama wote hakikuwa na haja ya kumshawishi hata mmoja. Kazi ya lazima ilirudi kwa jina jipya, salongo, na mzee aliyekumbuka matuta ya Wabelgiji hakuhitaji kuelezwa ni nini.

Ziwani nako majina yalibadilishwa juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1973 Mobutu na rafiki yake wa Kampala waligawana maziwa: Ziwa Albert likawa Mobutu Sese Seko, Ziwa Edward likawa Idi Amin Dada. Wavuvi wa Vitshumbi walilala kwenye ziwa la mkuu wa Kiingereza, wakaamka kwenye la jenerali wa Uganda, na Amin alipoangushwa mwaka 1979 wakarudishiwa mkuu wao. Ushirika uliendelea kuhesabu mitumbwi. Katika mambo yote niliyoyataja hadi hapa, ushirika ndio pekee uliokuwa na ofisi iliyofunguliwa asubuhi.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu, akifuta machozi mbele ya kamera, aliruhusu vyama vingi. Alitaka vitatu. Mkutano Mkuu wa Taifa ulipoanza Kinshasa Agosti 1991, hesabu ilikuwa inaelekea mamia, tena kama 1965, na kwa sababu ileile: chama kilikuwa tiketi. Kilimpa mtu kiti cha mjumbe, posho, na pengine uwaziri. Mobutu mwenyewe alifadhili vingi ili kuuzamisha upinzani halisi. Kinshasa wakaviita vyama vya mkobani, kwa kuwa makao makuu, katiba, katibu mkuu na wanachama vyote vilitosha ndani ya mkoba mmoja. Wengi huvicheka vyama hivyo. Mimi naona vilikuwa na uaminifu zaidi kuliko CEREA: havikumwahidi mtu yeyote wa kijijini kitu chochote.

Goma ilijua aina nyingine ya chama. Agosti 1998 RCD ilitangazwa hapa, na kwa karibu miaka mitano ilitawala sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, Vitshumbi ikiwemo, ikiwa na jeshi lake, magavana wake, kodi zake na Rwanda nyuma yake. Hiyo ndiyo miaka ziwa lilipokonda. Wanajeshi na waasi wa kila rangi waliwaua viboko kwa ajili ya nyama na meno; viboko waliokuwa zaidi ya 20,000 katika mbuga miaka ya 1970 wakabaki mia kadhaa katikati ya miaka ya 2000. Kinyesi cha kiboko ndicho kinacholisha vijimea vya majini vinavyomlisha tilapia, kwa hiyo mvuvi aliona vita kwenye wavu kabla ya kuisikia redioni. Vijiji vya uvuvi visivyo halali vikaota kando ya ziwa, kila kimoja na mwenye bunduki aliyeuza vibali vyake. COPEVI ikabaki na mihuri.

Baada ya makubaliano ya amani RCD ikageuka chama cha kawaida, na Azarias Ruberwa akawa mmoja wa makamu wanne wa rais. Uchaguzi ukaja tarehe 30 Julai 2006. Ruberwa alipata asilimia 1.69 ya kura, chama chake viti 15 kati ya 500. Dola iliyowahi kuwa na ndege na mizinga ilipoulizwa ina watu wangapi, hilo ndilo jibu. Haikupigwa marufuku na mtu. Iliondolewa bunduki tu, ikasinzia.

CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, ilifuata njia hiyohiyo, ila ilirudi. Makubaliano yaliyosainiwa Goma tarehe 23 Machi 2009 yaliifanya kuwa chama cha siasa. Karatasi ikawepo. Mwaka 2012 askari wake waliasi tena na kulitumia jina la tarehe hiyo: M23. Wakashindwa mwaka 2013, wakakaa kimya miaka minane, wakaamka mwisho wa 2021. Chama cha karatasi huamshwa na uchaguzi, na usingizi wake huvunjwa kwa muda. Kile chenye bunduki huamka saa yoyote kinayotaka.

Kuna mchezo wa kompyuta uitwao NationStates, ulioanzishwa na mwandishi wa Australia Max Barry mwaka 2002, ambamo kila mchezaji hujitungia nchi, bendera, katiba na sera. Sheria yake moja nimeipenda: nchi ambayo mwenyewe hajaifungua kwa siku 28 hufutwa. Akiaga mapema kwamba anasafiri, anaongezewa hadi 60. Nchi za kubuni, basi, zina masharti magumu kuliko vyama vyetu vya kweli. Sheria ya Kongo ya Machi 2004 kuhusu vyama vya siasa inadai mambo mengi kwenye kusajiliwa, lakini chama kikishaingia kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Ndani hakuna anayekuja kuuliza kama kuna mtu ndani. Kuelekea uchaguzi wa Desemba 2018 orodha ilikuwa na vyama 599. Kuelekea ule wa 2023 ilizidi 900.

Wabunge walijaribu kupunguza msongamano. Mwaka 2017 waliweka kizingiti cha asilimia moja ya kura za nchi nzima. Mwaka 2022 wakadai kila chama kisimamishe wagombea wa angalau asilimia 60 ya viti vinavyogombewa. Vilivyolala vikajibu kwa kulala pamoja: vilijikusanya kwenye miungano mikubwa, vikakodisha majina yao, na kila kimoja kikarudi kwenye mkoba wake baada ya matokeo. Tshombe wa 1965 angeuelewa mpango huo bila kuelezwa.

Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi mwaka 2018, aliyeipokea ile orodha ya vyama 599, alikuwa Corneille Nangaa. Tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya wananchi kupiga kura, alikuwa Nairobi akitangaza Alliance Fleuve Congo, muungano wake na M23. Tarehe 20 Desemba masanduku ya kura hayakufika Rutshuru wala Masisi, kwa kuwa vita havikuruhusu. Zaidi ya vyama 900 vilikuwepo kisheria, na mvuvi wa Vitshumbi hakuweza kukichagua hata kimoja. Machi 2024 M23 iliingia Vitshumbi, na mitumbwi ikaanza kuhesabiwa na mwingine.